Nimeolewa Dodoma, wifi anataka kunifungulia saluni kwa jina lake. Nikubali?

*"Wakili, habari ya kazi. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Nakuru. Mume wangu ni Mgogo wa Chamwino, anafanya kazi serikalini pale Mtumba. Tulifunga ndoa ya kanisa Nakuru mwaka 2019 na tuko na mtoto mmoja wa miaka mitano. Miaka yote hii yeye amekuwa akija, ama mimi naenda kutembea halafu narudi kwa saluni yangu. Sasa tumeamua nihamie Dodoma kabisa. Nimeshauza viti viwili, kimebaki kimoja na vifaa vya kuoshea. Mama mkwe anasema mimi ni mke wao, hakuna wa kunigusa. Jirani anasema mke wa Mtanzania ni Mtanzania, tena mimi ni wa Afrika Mashariki. Wifi amepata fremu Nkuhungu, anataka leseni iandikwe jina lake, mimi nilete pesa na kazi. Mume naye anataka tununue kiwanja Ihumwa kwa akiba yangu. Lakini rafiki yangu ameniambia kuna sheria imekataza wageni kufungua saluni. Nimechanganyikiwa. Na kusema ukweli hata vitu vidogo vinanitisha: nikiongea sokoni watu wanacheka, wanasema Kiswahili changu ni cha kuamuru. Nianze wapi?"*

Dada yangu, kabla ya yote: kiti kilichobaki Nakuru usikiuze kwanza. Sababu utaiona huko mbele.

Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyachuja naona swali moja: ndoa yako inakupa nini Tanzania? Na hapo ndipo kila mtu anayekushauri anapokosea kidogo, mama mkwe wako, jirani, wifi, hata mumeo. Wote wanachukulia kwamba kuhamia nchi ni mlango mmoja. Ukishavuka Namanga na ukapokewa kwa vigelegele, basi. Sheria haiko hivyo. Kuingia ni ruhusa moja, kuishi ni nyingine, kufanya kazi ni nyingine, kuendesha biashara ni nyingine, kumiliki ardhi ni nyingine, na uraia ni kitu cha peke yake kabisa. Ukikaribishwa uani na kupewa kigoda, hujapewa funguo ya ghala. Ndoa inakufungulia baadhi ya milango hiyo, mingine inakurahisishia, na mingine haiigusi hata kwa kidole.

Mama mkwe anaposema hakuna wa kukugusa, anasema kweli ndani ya ukoo wake, na mshukuru kwa hilo, maana wapo wake wa kigeni wasiosikia maneno hayo hata baada ya miaka kumi. Ila afisa uhamiaji akija mtaani haulizi wewe ni mke wa nani. Anauliza pasi yako iko wapi na muhuri unasemaje.

Sasa jirani. Hoja yake ya kwanza, kwamba wewe ni wa Afrika Mashariki, ina ukweli nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na imekurahisishia kuingia: huhitaji viza, na unaweza kupewa pasi ya matembezi ya hadi miezi sita. Lakini kinachohesabika ni siku alizoandika afisa kwenye muhuri wako, si zile ulizosoma mahali. Akikuandikia miezi mitatu, ni mitatu. Halafu kuhusu kazi, itifaki hiyo haikufungua kila kitu. Kila nchi iliweka orodha ya kazi ilizokubali kuwafungulia wananchi wa nchi nyingine, na Tanzania ilikuwa na mkono mzito. Ilifungua aina chache za wataalamu. Msusi hayumo. Ardhi nayo iliachwa chini ya sheria za kila nchi. Hata kitambulisho cha taifa, ambacho ninyi mnakitumia kwenda Uganda na Rwanda, huku hakikuvushi mpaka. Njoo na pasipoti, na kadi ya manjano mkononi. Kama ulishachanjwa zamani usidanganywe kuchanja tena, kwa kuwa tangu 2016 cheti cha homa ya manjano hakina mwisho.

Hoja yake ya pili, kwamba mke wa Mtanzania ni Mtanzania, si kweli. Mke wa Mtanzania ana haki ya *kuomba* uraia. Asipoomba, au akiomba na bado hajapewa, ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote, hata akizaa watoto sita. Nimewahi kumpokea ofisini mama aliyeishi huku miaka mingi akiamini cheti cha ndoa kinatosha, akagundua hali yake siku alipotaka kufungua akaunti ya benki. Hakuwa mhalifu, alikuwa amepewa ushauri na majirani.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni ukaazi. Usihamie kwa pasi ya matembezi ukitegemea kuwa kila ikikaribia kuisha utakimbilia Namanga kugonga muhuri upya. Wengi wanafanya hivyo, na mihuri ile yote inabaki kwenye pasipoti ikisimulia. Siku moja afisa anafungua kurasa, anaona umeingia kutembea mara nane kwa miaka miwili, na anakuuliza unatembea wapi. Njia ya kawaida kwa mke wa raia ni pasi ya mtegemezi: mumeo ndiye mwenyeji wako, anaandika barua ya kukuombea, mnaambatanisha cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA), pasipoti yako na picha. Maombi siku hizi hufanyika kwa mtandao kwenye mfumo wa Uhamiaji. Bahati yako unahamia Dodoma, ambako makao makuu ya Uhamiaji yenyewe yapo. Mkikwama mnapanda daladala. Cheti chenu ni cha Kenya, kwa hiyo leta cha asili, si fotokopi iliyofifia. Kanisa likikupa barua tu, hiyo si cheti. Pitia kwanza ofisi ya msajili huko kwenu.

Pasi ya mtegemezi inakuruhusu kuishi. Haikuruhusu kufanya kazi ya kipato. Hapo ndipo tunaingia kwenye saluni.

Rafiki yako amekuambia kweli. Julai 2025 ilitolewa amri chini ya sheria ya leseni za biashara, ikataja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Humo wamo mawakala wa kutuma pesa kwa simu, mafundi simu, waongoza watalii, udalali wa nyumba na biashara, uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani, maduka ya jumla na rejareja, na saluni. Saluni imeachiwa upenyo mmoja: iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Fremu ya Nkuhungu haimo kwenye upenyo huo hata ukiivuta namna gani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa.

Najua ilivyopokelewa Kenya, nilisoma malalamiko, na yapo ninayokubaliana nayo. Hata wewe una haki ya kuuliza, Jumuiya ni ya kazi gani basi? Lakini mimi si mbunge. Unaniuliza utaishije chini ya sheria iliyopo. Siku ukitaka kuchukua hatua yoyote ya biashara, pita kwanza ofisi ya biashara ya Jiji uulize kama amri hiyo imeguswa, kwa sababu amri ya waziri hubadilika kirahisi kuliko sheria ya Bunge.

Tuje kwa wifi. Mpango wake ndio umenifanya nikuandikie kwa urefu. Yeye anatoa jina, wewe unatoa pesa na mikono. Anaona anakusaidia, nami siwezi kumshuku kwa ubaya. Ila tazama unavyokaa huo mpango.

Kwanza, amri ile imemtaja na yeye. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye ana kosa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Wifi yako hajui hilo, nina hakika. Mwambie.

Pili, jina kwenye leseni si karatasi tu. Leseni, namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA, mkataba wa fremu, laini ya kupokelea malipo, vyote vitakuwa vyake. Mbele ya sheria saluni ni yake, na wewe ni mtu anayefanya kazi humo bila kibali. Mkielewana, mnaishi. Siku mkikosana, na mawifi mnajuana, utaenda kudai wapi? Ukifika mahakamani kusema "pesa ni zangu, jina ni lake," umejishtaki mwenyewe kabla hakimu hajamsikiliza mwenzio. Mkataba wa siri mtakaoandikiana pembeni hausaidii, kwa sababu mahakama haisaidii kutekeleza makubaliano yaliyofanywa ili kukwepa sheria. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kukamatwa huenda kusitokee, lakini kutokuwa na pa kusemea kuko pale tangu siku ya kwanza. Mtu aliyeweka akiba yake mahali asipoweza kuidai ameshaipoteza, anasubiri tarehe tu.

Tatu, saluni haifichiki. Mteja akipenda mkono wako atakutangaza mtaa mzima: "kuna dada Mkenya anasuka vizuri." Sifa hiyo ndiyo itakayomleta mkaguzi.

Utajiuliza, je, nikisuka kimya kimya barazani? Kumsuka wifi bure Jumapili mkipiga soga si kazi ya kipato. Kumsuka jirani kwa elfu 15 ni kazi. Najua mstari huo unauma kwa mtu aliyezoea kushika hela yake, lakini ndio uliopo.

Njia halali ni zipi basi? Ziko chache na sitazipamba.

Kuajiriwa kunawezekana kisheria: mwajiri anakuombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, halafu unapata kibali cha ukaazi daraja B. Tatizo ni kwamba Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kuwa kazi hiyo haina Mtanzania wa kuifanya, na ususi Tanzania hauna upungufu wa watu. Hoteli kubwa yenye saluni, ikitaka ujuzi mahususi ulionao wewe, inaweza kujaribu. Mimi nisingepanga maisha juu ya hilo.

Mumeo kufungua saluni yake mwenyewe, kwa mtaji wake, na kuajiri wasusi Watanzania, ni halali kabisa. Yeye ni raia, ingawa kama mtumishi wa umma ana taratibu za kutangaza mali na maslahi yake. Lakini hapo wewe ni mke wa mwenye saluni. Ukishika kitana ukamhudumia mteja, tumerudi palepale.

Ndiyo maana nikasema usiuze kiti cha tatu. Saluni ya Nakuru ni mali yako, kwenye nchi yako, kwa jina lako. Mtafutie msimamizi, mdogo wako au fundi uliyemlea, hata ikibaki na kiti hicho kimoja cha kukodisha. Shilingi ya Kenya moja ni kama 20 za huku. Kipato kidogo cha kule kikifika Dodoma kinatosha kukufanya usiombe hela ya vocha. Hiyo ya kuomba vocha nitairudia.

Njia ya nne ni uraia, na hiyo ndiyo itakayokufungulia saluni, kiwanja na vyote. Sheria ya Uraia ya Tanzania inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wakati wowote *mume akiwa hai*. Maneno hayo mawili ya mwisho watu huyapita. Mume akifariki kabla hujaomba, Mungu apishe mbali, njia hiyo inafungwa, unarudi kwenye njia ya wageni wote inayodai miaka saba ya kuishi nchini ndani ya kumi, na mwaka mzima wa mwisho mfululizo. (Mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huu kabisa. Wakenya wanaume wanaoniandikia hukasirika nikiwaambia, na wana haki ya kukasirika.)

Gharama yake si ada tu. Tanzania haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo utatakiwa kuukana wa Kenya. Katiba yenu ya 2010 haina shida na uraia pacha. Anayekukatalia ni huku. Na ukishaukana, fikiria shamba. Kama wazazi wako wana ardhi Nakuru na unatarajia kurithi, kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya kinasema asiye raia anamiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Yaani sehemu yako ya shamba la baba itabadilika hadhi siku unapopokea cheti cha Tanzania. Kaa na wazazi na ndugu zako mliongee hilo mapema, kabla hawajalisikia kwa mwingine. Nami nakusihi usifuate wale wanaokana kwa mdomo na kuficha pasipoti ya pili sandukuni. Uraia uliopatikana kwa kuficha unaweza kufutwa, na ukifutwa huku ukiwa ulishaukana kule, unaweza kubaki mikono mitupu.

Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekuambia uishi Dodoma kwa pasi ya mtegemezi mwaka mmoja au miwili kwanza. Uone mvua moja na kiangazi kimoja, umjue mumeo akiwa nyumbani kila siku badala ya mume wa likizo, ndipo uamue kuhusu uraia. Ndoa yenu ina miaka kadhaa, lakini kwa hesabu ya siku mlizolala nyumba moja bado ni changa. Usichukie nikisema hivyo.

Mtoto hana shida unayodhani. Kwa baba ni Mtanzania, kwa mama ni Mkenya, na anaweza kubaki hivyo hadi afikishe miaka 18, hapo atachagua. Hakikisha cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba, njoo na kadi ya kliniki. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, za binafsi nyingi kwa Kiingereza. Kwa umri wa miaka mitano popote utakapompeleka atakuwa anakusahihisha wewe Kiswahili kabla ya Krismasi.

Kiwanja cha Ihumwa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka husika. Kwa hiyo hati itakuwa ya mumeo peke yake, hata kama kila senti imetoka kwako. Hiyo haina maana huna haki yoyote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, hata kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango. Nyumba mnayoishi kama wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako. Ila mahakama hupima ushahidi. Kama utachangia, usitoe fedha taslimu kwenye bahasha. Tuma benki kwa benki, andika sababu ya malipo, tunza risiti zote mahali ambapo si kabati la chumbani. Weka sehemu ya akiba, si yote. Na kabla hata ya kuongea bei, mumeo akahakiki kiwanja ofisi ya ardhi ya Jiji. Mji huu ulipangwa na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, kuanzia 1973 hadi ilipovunjwa 2017, na migogoro ya viwanja tuliyorithi inatosha kutulisha mawakala na mawakili kwa kizazi kingine. Usinunue kwa maneno ya "mwenyekiti ananijua."

Ingawa mwenyekiti wa mtaa lazima akujue. Hili Wakenya wengi hawalizoei. Wiki ya kwanza, mumeo akupeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa balozi wa nyumba kumi kama yupo, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Utahitaji barua yake kwa mambo ambayo hujayafikiria. Na ukishajulikana pale, siku wageni wanapoulizwa mtaani yeye ndiye atakayesema, "huyu ni mke wa fulani, karatasi zake naziona."

Kama mtapanga nyumba badala ya kukaa kwa wakwe, jiandae: kodi huku hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, hata mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Uliza maji yanatoka siku zipi na tangi lina ukubwa gani. Wewe kwa kazi yako utagundua haraka: maji mengi ya Dodoma hutoka visimani Mzakwe na yana chumvi. Shampuu haitoi povu unalolijua, na nywele zinakauka. Wasusi wa hapa wana mbinu zao, waulize. Ni njia nzuri ya kupata marafiki. Sweta za Nakuru usiziache zote, Juni na Julai kuna upepo wa usiku usio na adabu. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo vumbi ni ndugu yako.

Kuhusu Kiswahili, hawakuchukii. Wanakucheka kwa kuwa wanakuelewa vizuri mno. Ungekuwa unaongea Kifaransa wangekuvumilia. Kenya mtu husema "nipe nyanya za mia" na hakuna aliyekasirika, kwani Kiswahili kwenu mara nyingi ni lugha ya kumaliza shughuli. Huku ndiyo lugha ya kubembelezana. Neno litakalokuokoa ni moja: *naomba*. Naomba nyanya za elfu moja. Naomba kupita. Naomba kuuliza. Hata unapolipa hela yako mwenyewe, unaomba. Kabla ya hapo kuna salamu. Usimfikie mama mtu mzima kwenye meza yake soko la Sabasaba ukaanza na bei bila shikamoo. Ukifika kwa wakwe Chamwino, jifunze *mbukwenyi*, salamu ya Kigogo, uitamke hata vibaya, utaona watakavyoshangilia. Kuna na maneno ya kukuchekesha baadaye: ndengu zako huku ni choroko, stima ni umeme, waru ni viazi. Mtoto akililia "nyanya" ataletewa nyanya ya kupikia, amwite *bibi*. Na mumeo asikutambulishe kwa Kiswahili cha Nakuru kuwa wewe ni "bibi yake," maana bibi kwetu ni mama wa mzazi wako.

Sasa ile ya vocha. Wake wahamiaji ninaowahudumia hawavunjwi na vumbi wala mlenda. Wanavunjwa na kitu kinachokuja kama mwezi wa tatu au wa nne, vigelegele vikishaisha. Nakuru wewe ni mwenye saluni. Una wasichana wanaokuita *madam*, una funguo mfukoni, una wateja wanaokumwagia siri zao. Dodoma utaitwa mke wa fulani, mama wa fulani, mkamwana wa fulani. Ni majina ya heshima, lakini hakuna hata moja ulilolipata kwa mikono yako. Hapo mtu huanza kukasirikia ugali wa uwele, kumbe hasira si ya ugali. Ndiyo sababu nyingine ya kutunza kiti cha Nakuru, na ndiyo sababu namwomba mumeo asome haya pamoja nawe. Mwezi huo atadhani umemchoka.

Ukiona usingizi umepotea kwa zaidi ya wiki mbili, hamu ya kula imekwisha, unalia bila sababu, nenda hospitali. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na utawasikia watu wakiitumia kama tusi. Wapuuze. Wanaoingia pale kuongea na mtaalamu na kutoka wakaenda sokoni ni wengi kuliko wanavyodhani.

Mambo matatu usiyafanye kwa kusoma majibu kama haya. Kama kwenye safari zako za nyuma uliwahi kupitiliza siku hata kidogo, njoo kwa wakili au nenda Uhamiaji ukiwa na pasipoti yenyewe kabla hujaomba pasi ya mtegemezi. Jambo linalotajwa na mwombaji mwenyewe hushughulikiwa tofauti na lile linalogunduliwa. Usiandike barua ya kuukana uraia bila kukaa na mtu wa sheria Kenya anayeangalia urithi wako, na mwingine huku. Na karatasi ya kiwanja ipitiwe kabla fedha haijatoka, si baada. Kama ada ya wakili ni nzito, kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji, watakuelekeza.

Vyombo vya nyumbani vilivyotumika andikia orodha, kimoja kimoja, na umtafute wakala wa forodha Namanga kabla ya siku ya safari. Vifaa vya saluni visiwemo kwenye lori hilo. Utawezaje kumweleza afisa wa mpakani kwamba sinki tatu za kuoshea nywele ni za matumizi ya nyumbani?

Na wifi, usimkatalie kwa simu. Subiri ufike, umpikie, halafu mwambie hivi: "Wifi, fremu ni nzuri na nia yako nimeiona. Lakini nimeulizia, sheria ingekukamata na wewe, nami sitaki nikuingize matatani mwaka wangu wa kwanza. Kama unaitaka saluni iwe yako kweli, fungua kwa hela yako, mimi nitakuelekeza dawa zipi ununue na zipi uziache dukani, bure."

Akikubali, mtakuwa na la kuongea jioni nyingi. Akinuna, mpe wiki mbili.